Geuza ipi? Kumwandikia ejenti wa AI maelezo ya zana za kuhariri spraiti

Jumapili moja niko zangu hapa Chuno, Mtwara, mdogo wangu aliyeko Lindi akanitumia picha bila neno lolote. Nafungua naona bibo, lile tunda la mkorosho, jekundu limeiva vizuri, ila korosho yake, ambayo huwa inaning'inia chini, imekaa juu kama kofia. Dakika moja baadae ndo akaandika: "Kaka, huyo AI wako ashawahi kuona mkorosho kweli?"

Hajawahi, na wala si kosa lake. Mi nina kaskripti kangu (kaprogramu kafupi) ka kuhariri picha za gemu tunayotengeneza wawili, gemu ya msimu wa korosho, yeye anachora mi nahangaika na mengine, na ndani ya hiyo skripti kulikuwa na komandi inaitwa geuza ambayo maelezo yake yote yalikuwa mstari mmoja, "geuza: inageuza spraiti". Nikamwambia ejenti, yaani huyo AI anayeniendeshea hizo komandi, mabibo yote yanaangalia upande mmoja, mti unaonekana kama umepigwa muhuri, geuza nusu yake. Akageuza juu-chini. Faili 14, bila kusita, alafu akaniambia kazi imekamilika na hamna tatizo lolote.

Toka siku ile nimeandika upya maelezo ya zana zangu zote, mara ya kwanza, ya pili, saivi niko ya nne, na naona watu wengi wanaoanza kuwatumia hawa ejenti wanakwama palepale nilipokwama mi. Ngoja nifungue taratibu.

Spraiti ni picha ndogo ya kitu kimoja kwenye gemu, mtu, mti, gunia, pikipiki, inayosimama juu ya mandhari na kutembezwa peke yake. Zamani ilikuwa ni kitu cha ndani ya mashine kabisa, kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na spraiti nane tu kwa wakati mmoja, kila moja pikseli (vidoti vya rangi) 24 kwa 21, na NES, mashine ya gemu ya Nintendo, ilikuwa inabeba spraiti 64 za pikseli 8 kwa 8 au 8 kwa 16, rangi tatu tu kila moja ukiacha sehemu isiyoonekana. Leo simu yoyote ya bei chee haina shida hiyo ila ule uchoraji wa pikseli chache umebaki kwa sababu watu wanaupenda na kwa sababu wawili kama sie tunaweza kuumaliza. Bibo letu ni pikseli 16 kwa 16. Bibi anayeokota korosho ni 32 kwa 48, na kutembea kwake ni fremu nane, yaani picha nane za hatua mojamoja, zimepangwa kwenye picha moja ndefu yenye upana wa 256.

Ejenti ni model ya lugha iliyopewa mikono. (Kiswahili chake kingekuwa wakala, ila ukisema wakala huku mtu anafikiria kibanda cha kutoa hela, kwahiyo nabaki na ejenti.) Unamwambia unachotaka, ye anachagua komandi, anaiendesha, anasoma kilichorudi, anaamua hatua inayofuata, anaendelea ivo mpaka ajiridhishe. Unaweza kumwachia terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, afanye mwenyewe, au ukampa zana kupitia MCP, utaratibu ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024, ambapo kila zana inajitambulisha kwa jina, maelezo, na orodha ya vitu inavyopokea. Njia yoyote utakayotumia, anachokijua kuhusu zana yako ni maandishi uliyompa basi. Hajakaa na wewe, hajaona ukiitumia, hajui kwamba ile komandi ya tatu uliiandika usiku umeme umekatika na laptop ina asilimia tisa.

Mtu akisoma maelezo mabovu anafungua picha, anaiangalia, anacheka, anarudi kurekebisha. Ejenti hawezi ivo, au anaweza kidogo sana. Hizi model zinazosoma picha nyingi zinaikata picha vipandevipande kwanza ndo ziisome, na picha ya pikseli 16 kwa 16 ni ndogo mno, inaweza kuwa kama kipande kimoja tu, kwahiyo ukimuuliza bibo limekaaje anaweza kukujibu kwa kujiamini kabisa kitu ambacho hakipo. Ukimkuzia picha mara nane, ikawa 128 kwa 128, anaanza kuona kitu, lakini bado usimtegemee ajue kama kuna pikseli moja imehama. Ye anaziamini namba na maneno kuliko macho yake, kwahiyo maelezo ya zana yanatakiwa yampe namba za kushika.

Ukienda ghalani wakati wa mnada utaelewa nachosema. Mnunuzi wa korosho haangalii gunia kwa nje akasema nzuri hii nachukua. Inachukuliwa sampo, zinapasuliwa, nzima zinatengwa na mbovu, kinapimwa kiini, na mwisho inatoka namba moja, ratili za kiini kinachofaa kwenye gunia la kilo 80. Hapo mtu aliyeko nchi nyingine ambaye hajawahi kukanyaga Tandahimba anaweza kununua korosho ya Tandahimba bila kuiona. Ejenti ni huyo mnunuzi wa mbali. Maelezo yangu ya mwanzo yalikuwa yanasema "korosho nzuri" tu.

Sasa turudi kwenye hilo neno geuza, maana hapa ndo kuna utamu na mi sijaona watu wakilizungumza. Kiswahili kwenye mambo ya picha kina mitego yake. Geuza inaweza kuwa kuangalia kama kwenye kioo, inaweza kuwa kupindua juu-chini, inaweza kuwa kuzungusha, na inaweza kuwa kubadilisha kitu kiwe kingine, geuza PNG iwe GIF. Kata ndo balaa kabisa, kata pembeni zisizo na kitu, kata picha ndefu iwe fremu nane, au kata kwa maana ya kufuta. Urefu nao, ukimwambia urefu wa bibi ni 48 ni wa kwenda juu au wa kwenda pembeni? Na ukisema urefu wa animesheni unamaanisha sekunde. Mi nimeacha neno urefu kabisa, natumia upana, kimo, na muda. Alafu kulia: kulia kwa bibi au kulia kwa anayetazama skrini? Bibi akiangalia mbele kwetu tenga lililo mkono wake wa kulia liko kushoto kwetu, na nilishampoteza ejenti robo saa nzima kwa hilo peke yake, analihamisha tenga anarudisha analihamisha.

Mtu ataniambia si uandike Kiingereza tu yaishe. Kiingereza nacho kina yake. Kwenye ImageMagick, programu ambayo karibu kila ejenti ataikimbilia akiambiwa afanye kitu na picha, kuna -flip na kuna -flop, herufi moja tu imebadilika, ya kwanza inapindua juu-chini na ya pili inabadilisha kushoto na kulia. Skripti yangu ndani ilikuwa inapokea neno la upande alafu inachagua kati ya hizo mbili, na ejenti asipotaja upande ilikuwa inachukua -flip. Nilijiwekea mwenyewe mtego nikauficha. Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya Python, wamejitahidi, kwao jina lenyewe linasema kushoto-kulia au juu-chini, na nimewaiga. Komandi geuza imekufa, mahali pake ziko tatu: kioo_kulia_kushoto, kioo_juu_chini, zungusha_90. Jina linalojieleza linapunguza nusu ya kazi ya maelezo, maana ejenti anasoma jina kabla ya kitu kingine chochote na wakati mwingine naonaga anaishia hapohapo.

Hivi ndo maelezo ya komandi moja yanavyosomeka sasa, nayaweka kama yalivyo:

"kioo_kulia_kushoto. Inabadilisha kushoto na kulia kama kwenye kioo. Haizungushi na haigusi juu na chini. Kushoto na kulia ni kwa anayetazama skrini. Inapokea faili moja la PNG, haipokei folda. Inaandika faili jipya kwenye folda ya matokeo, la asili haliguswi. Baada ya kuendesha, endesha ripoti kwa faili la kabla na la baada: upana, kimo, idadi ya rangi na idadi ya pikseli zinazoonekana (alfa zaidi ya 0) lazima zilingane. Kwa spraiti za bibo: pikseli za kahawia ya korosho, #7A4A21, zote ziwe kati ya mstari wa 11 na wa 15, ukihesabu kutoka juu kuanzia 0. Kitu kisipolingana simama, usirekebishe mwenyewe, niambie. Usiitumie kwa kitu chenye maandishi: magunia, kibao cha ghala, namba ya bodaboda."

Angalia sentensi ya kwanza tu ndo inasema komandi inafanya nini. Nyingine karibu zote ni inapokea na kutoa nini, isichofanya, na utajuaje kama imefanya sawa. Mwanzo nilikuwa naona aibu kuandika "haizungushi", nani asiyejua kioo hakizungushi, ila nikagundua kila sentensi ya "haifanyi" inaziba shimo moja ambalo ejenti angelijaza kwa kukisia, na hawa wanakisia vizuri mno, yaani anakutungia flagi (neno la ziada la komandi, kama ile -flip) ambayo haipo, jina lake limekaa vizuri kabisa mpaka na wewe unaanza kujiuliza kama uliiweka ukasahau. Ile ya maandishi nimeijua kwa gunia lililotoka limeandikwa kinyumenyume.

Zile namba za kulinganisha ndo moyo wa kila kitu na kila komandi ina zake. Kukuza kwa mfano. Ukiikuza spraiti kwa njia ya kawaida ya picha, kompyuta inalainisha kingo kwa kuchanganya rangi za jirani, hiyo ni sawa kwa picha ya harusi ila kwa spraiti ni uharibifu, bibo la rangi sita linarudi na rangi kibao za ukunguukungu ambazo mchoraji hakuziweka. Njia sahihi ni ile ya kurudia pikseli kama ilivyo, kwenye Pillow inaitwa NEAREST na lazima uitaje, usipoitaja kwa kawaida inalainisha. Kipimo chake ni chepesi sana: ukikuza kwa namba nzima, mara mbili, mara nne, idadi ya rangi haitakiwi kuongezeka hata moja. Sita ziingie, sita zitoke. Ejenti hahitaji kuona ukungu, anaona 6 imekuwa 90 anajua kimeharibika.

Kupunguza pembeni kuna kisa chake. Kila fremu ya bibi ilipokatwa sehemu tupu peke yake, kila moja ikatoka na kimo tofauti kidogo kwa sababu anavyotembea anainuka na kushuka, sasa ukiziweka kwenye gemu bibi anatetemeka kama ana homa. Komandi ilifanya kazi yake bila kosa. Kilichokosekana kwenye maelezo ni kwamba fremu za animesheni moja zinakatwa kwa kipimo kimoja, ama zisikatwe kabisa.

Na kuhesabu kuanzia 0, hili liandike kila mahali hata kama unajirudia. Fremu nane ni 0 mpaka 7, fremu ya 3 inaanzia pikseli ya 96. Sisi wenye skripti tunajua, ejenti pia anajua kwa nadharia, lakini we mwenyewe ukimwandikia "fremu ya nane" kwenye maombi yako ushamchanganya.

Kuna mambo mengine mafupi ambayo yanahusu zana yenyewe kuliko maelezo. Skripti yangu ilikuwa na swali la "Una uhakika? n/h", mtu anabonyeza anaendelea, ejenti anakaa pale hana wa kumbonyezea mpaka muda unaisha. Ilikuwa inaandika "Tayari!" hata kama haikupata faili lolote la kufanyia kazi, jina la folda limekosewa herufi, faili sifuri, Tayari! na ejenti anaamini kwa nini asiamini. Sasa inarudisha hesabu, imesoma faili ngapi imeandika ngapi, na ikiwa sifuri inatoka na namba ya kushindwa badala ya 0 ya kufanikiwa. Ukitumia Aseprite, programu ya kuchorea spraiti ambayo inaweza kuendeshwa na komandi pia, mwambie ejenti kabisa asisahau -b, bila hiyo inafungua dirisha la programu na ye anabaki anasubiri kitu asichokiona. Na hapo mpangilio wa maneno una maana, --scale inakuza mafaili yaliyotajwa kabla yake ila --split-layers inahusu faili linalofuata, ukiyapanga vibaya haikukemei, inakupa kitu kingine tu. Hiyo ya pili nimeiandika kwa mfano kamili wa mstari mzima, maana ejenti akiona mstari mmoja unaofanya kazi ananakili, akiona aya ya ufafanuzi anatafsiri.

Ila kitu kilichoniuma kuliko vyote ni mogrify. Hii ni komandi ya humohumo ImageMagick, inafanya kazi kwa mafaili mengi kwa mpigo, na usipoiambia vingine inaandika juu ya faili la asili hapohapo. Siku moja komandi yangu ya kukuza ilikuwa na hitilafu, ejenti akaona imeshindwa, akawa msaidizi mwema akatafuta njia nyingine mwenyewe, akapiga mogrify kwenye folda nzima. Michoro ya mdogo wangu ya wiki mbili, imekuzwa na kulainishwa, na ya asili hamna. Nilimpigia simu nikaanza kwa kumuuliza habari za nyumbani, akaniambia sema tu kaka. Bahati yake alikuwa na nakala kwenye flash.

Kutokea hapo maelezo yangu yanaanza na kitu ambacho si zana kabisa. Mstari wa juu unasema folda ya asili haiandikwi na komandi yoyote kwa sababu yoyote, mstari wa pili unasema komandi ya hapa ikishindwa usitafute mbadala nje ya skripti hii, toa taarifa usubiri. Na folda yenyewe nimeifunga isiandikike, sitegemei maandishi peke yake, mlango nao una komeo.

Kuhusu ukubwa wa hayo maelezo nimeenda mbele nikarudi. Nilivyonogewa yakafika kurasa kumi na kitu, ejenti akaanza kusahau ya mwanzo akifika ya mwisho, na kila anapoyasoma yanakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo AI anahesabia na unavilipia, na Kiswahili kinakula tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwa maneno ya maana ileile, kwa hela ya bando na ya AI lazima uangalie. Nimegawa. Faili la juu, AGENTS.md, ejenti wengi wanalitafuta wenyewe wakiingia kwenye folda, lina ukurasa mmoja tu: folda zipi ni za nini, maneno yetu yana maana gani, sheria mbili za juu, na majina ya komandi na nusu mstari kila moja. Ufafanuzi mrefu unatoka ukiita komandi na --msaada, anausoma akiuhitaji. Maneno yamebaki Kiswahili kwa sababu mdogo wangu naye anayasoma, na yeye ndo anagundua makosa kuliko mi.

Kuyajaribu maelezo, njia yangu ni kufungua ejenti mpya asiyejua kitu, nampa kazi, simsaidii, naangalia tu ni wapi anakisia. Akiandika "nadhani komandi hii", pale pana shimo. Akiendesha kitu mara tatu kwa namna tofauti, pale pana shimo. Simsahihishi yeye, narekebisha maandishi alafu naanza na mwingine mpya, kwa sababu ukimsahihisha kwenye mazungumzo kesho hakumbuki na wewe utakuwa umesahau ulisema nini.

Wiki iliyopita nikaendesha mabibo yote upya, yamekuwa 22 sasa. Ejenti akafanya 19 vizuri, namba zote zimelingana, alafu akasimama. Akaandika kwamba faili tatu hazina pikseli hata moja ya kahawia kati ya mstari wa 11 na 15, hakurekebisha, anasubiri. Nikajua mdogo wangu kakosea safu, nikampigia.

"Kaka we wa mjini siku hizi," akacheka. "Hizo changa. Korosho changa si ya kijani? Tena inatangulia yenyewe, bibo linavimba baadae."

Nikafungua maelezo, kwenye mstari wa #7A4A21 nikaongeza: "au kijani #5E7F3A kama jina la faili linaanza na changa". Alafu nikamwambia ejenti aendelee.